Laini ya Babu Dimo

Jumapili, 17 Septemba 2006

Leo tena sikusema.

Tulimpigia Mama saa tisa, wakati Sinyora, yule bibi kizee ambaye Mama anamtunza huko Ferrara, Italia, amelala. Bibi alisimama kando ya simu na ile saa ya kuchemshia mayai mkononi. Dakika nne tu! Kampuni ya simu inatutoza kana kwamba tunainunua Italia yenyewe, ndivyo Bibi anavyosema. Dakika ya kwanza: kuni zimeletwa, mbichi, Genko katudanganya. Ya pili: mguu wa Bibi. Ya tatu: kaburi la Babu, msalaba umeinama. Ndipo nikapewa simu, na saa ikalia. Nikasema, "Mama, shule imeanza vizuri." Mama akasema soma mwanangu. Basi.

Lakini kabla ya hapo nilisikia. Bibi ni mzito wa masikio, kwa hiyo Mama hupaza sauti, na jiko zima linasikia. Mkataba wake unaisha Siku ya Mtakatifu Dimitri, tarehe 26 Oktoba. Watoto wa Sinyora wanataka asaini miaka miwili mingine. Mama alisema, "Sijui nifanyeje. Mkiona mnanihitaji, nirudi. Mkiona mnaweza, nitasaini." Bibi akajibu palepale, "Sisi tunaweza, usitufikirie sisi!"

Hatuwezi. Mimi siwezi.

Ni miaka mitatu sasa. Aliondoka nikiwa na miaka kumi. Baba ana watu wake wengine Varna, hatumhesabu. "Mama, usisaini, rudi" – ni maneno matatu. Nimeyapima: sekunde tatu! Lakini hayawezi kuja ya kwanza. Lazima kwanza kuwe na maneno mengine, mengi, ya hivi hivi tu, halafu yaje. Katika dakika nne hayafiki.


Jumatano, 20 Septemba

Posta wamebandika tangazo la kampuni mpya. Inaitwa Zvanche. "Laini ileile! Namba ileile! Simu ileile!" Kinachobadilika ni kampuni inayokupigisha tu, na Italia ni kwa bei ya kumpigia jirani. Nimelisoma mara tatu. Ningeweza kuzungumza na Mama nusu saa!

Nikamwambia Bibi. Akawaka moto.

"Laini ya Dimo haiguswi! Unajua aliisubiri miaka mingapi? Kumi na sita! Siku ilipofika alichinja kondoo, na fundi alilala hapa siku mbili."

"Hatuigusi, Bibi. Inabaki palepale. Anayebadilika ni mtoza bili."

"Ng'ombe yuleyule, mkamuaji mwingine?"

"Ndiyo, Bibi."

Akamenya kiazi kimoja. "Na maziwa yatapungua bei?"

"Sana."

"Basi uliza. Kuuliza si kusaini."


Alhamisi, 21 Septemba

Nimepiga. Nilijiandikia kwanza maneno ya kusema, kama Mwalimu anavyotufundisha.

Dada wa Zvanche ana sauti nzuri. Aliuliza laini iko kwa jina la nani. Nikasoma kwenye bili: Dimo Stanchev Valev. Ni nani wako? Babu yangu. Yupo hapo?

Nikasema, "Sasa hivi hayupo."

Si uongo. Hayupo. Lakini nilijua nilichofanya, masikio yalipata moto. Akasema hakuna shida, mwakilishi wao atakuja Ijumaa ya wiki ijayo na fomu, Babu asaini kwa mkono wake mwenyewe na aonyeshe kitambulisho. Nikasema asante sana.

Babu alifariki tarehe 27 Machi.

Wakati ule mama wa posta, Tsvetana, alimwuliza Bibi kama anataka kuhamisha laini ije kwa jina lake. Bibi alikataa. "Yeye nimemzika, na simu yake niizike?" Tangu hapo bili zinakuja kila mwezi kwa jina la Babu, na Bibi huzipokea mwenyewe getini. Nadhani anapenda. Kuna mahali bado wanamwita.

Nilipomweleza Bibi nilichomjibu yule dada, alinitazama sana. "Kwa nini hukumwambia?"

"Hakuuliza kama amekufa. Aliuliza kama yupo."

"Umetoka kwa babu yako wewe," akasema. Sijui kama ni sifa.


Jumapili, 24 Septemba

Dakika nne. Kuni, mguu, msalaba. Mimi: "Nimepata sita katika hisabati." Sita ndiyo ya juu. Mama akapiga kelele za furaha mpaka saa ikalia.

Haidhuru. Jumapili zijazo zitakuwa ndefu.


Jumatano, 27 Septemba

Miezi sita ya Babu. Asubuhi tulikwenda makaburini na ngano iliyochemshwa, mkate na divai. Bibi alimwaga divai kidogo juu ya udongo, akamsimulia kuhusu kuni.

Karatasi mpya ya msiba, ya kubandika getini kama ilivyo desturi yetu, imetoka kwa mchapaji. Ina picha yake yenye kofia, jina lake lote, na maneno "Miezi sita bila wewe". Niliibandika mimi getini, maana Bibi hafiki juu. Nilipima kwa rula, gundi pembe zote nne. Imenyooka kabisa. Karatasi za watu wengine kijijini zimepinda, za Babu hapana.

Mchana alikuja Mjomba Genko, jirani, yule wa kuni mbichi. Ana miaka sabini na tisa. Bibi alimweleza habari ya fomu, na yeye ana mpango.

"Ijumaa nitakuwa Dimo kwa robo saa. Nitavaa koti lake, nitakaa mezani, nitasaini. Nani anamjua?"

"Dimo alikuwa na meno," akasema Bibi.

"Sitacheka."

Bibi amekitoa kabatini kile kitambulisho cha Babu cha zamani, cha kijani. Picha ni ya mwaka themanini. Katika picha zile wanaume wote ni mtu mmoja.

Sipendi. Nilisema nusu ya uongo na sasa wazee wawili wanaimalizia. Lakini nikifikiria ile nusu saa – basi ninanyamaza.


Ijumaa, 29 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne unusu. Mjomba Genko mezani, koti la Babu, kitambulisho mbele yake. Bibi ameoka pai ya jibini. Mimi dirishani. Mwakilishi ni dada wa miaka kama thelathini, alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mkoba begani. Akafika getini.

Akasimama. Nikasema moyoni mbona hafungui? Alikuwa anaangalia juu kidogo. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Anasoma!

Karatasi ya msiba! Sisi hupita pale mara ishirini kwa siku! Hakuna kati yetu watatu aliyekumbuka. Geti bila karatasi ndilo tungelishangaa.

Dada akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaingia taratibu. "Poleni sana kwa msiba. Sikujua. Ningekuja siku nyingine."

Na Mjomba Genko, ambaye kutoka pale alipokaa haoni geti, akanguruma, "Karibu, karibu! Dimo Valev ni mimi. Nisaini wapi?"

Dada akamtazama. Akageuka akatazama geti. Akamtazama tena.

"Mzee, nimekusoma pale nje. Una miezi sita."

Mjomba Genko akajibu: "Yule... yule ni kaka yangu. Pacha."

"Mna jina moja?"

"Wazazi wetu walikuwa maskini."

Bibi alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Machi. Alicheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya mgeni. Dada naye alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Akafunga fomu. Nilimfuata mpaka kizingitini nikamwomba. Nilimwambia kosa ni langu.

"Mdogo wangu, ningependa. Lakini nimeshaona. Nikiandika kwamba sikuona, kazi sina." Akaandika kwenye karatasi yake mbele yangu, hakuficha: mteja amefariki.

Bibi alimfungia pai na kumpa chupa ya jemu ya plamu. Alishika njia huku anaturudishia macho.

Karatasi ile niliibandika mimi. Kwa rula.


Jumapili, 1 Oktoba

Tulimpigia Mama. Iliita mara kumi na tano, hakuna aliyepokea. Bibi anasema labda wamempeleka Sinyora kanisani. Sinyora hatembei.


Jumatano, 4 Oktoba

Nimetoka shule, nimeinua simu – hakuna mlio. Kimya kama ndani ya jiwe. Niligonga, nikatoa waya nikarudisha. Hakuna.

Barua ya kampuni ilikuwa imefika tangu saa tano, ila Bibi hakuwa na miwani, na mimi sikuielewa lugha yake. Tulikimbia nayo posta kabla Tsvetana hajafunga. Yeye hufunga saa sita, na zilibaki dakika kumi tu; bahati nilitoka darasani mapema kwa sababu Mwalimu ana homa. Tsvetana aliisoma kwa sauti, kidole juu ya mistari. Kampuni yetu ya simu imepata habari kutoka Zvanche kwamba mwenye laini amefariki. Mkataba na marehemu hauwezi kuendelea. Laini imesimamishwa. Kama katika siku thelathini warithi hawataleta ombi, namba itapewa mtu mwingine.

"Ombi gani?" Bibi akauliza.

"Hili hapa. Mnasaini warithi wote. Dimo kaacha warithi wawili, Nedyalka. Wewe na Zdravka."

"Zdravka yuko Italia!"

"Basi mpigieni."

Halafu akasikia alichosema. Hakuna aliyecheka. Akatazama mihuri yake.


Alhamisi, 5 Oktoba

Bibi aliniombea ruhusa shuleni. Tulimpigia Mama kutoka kwenye simu ya posta, saa tatu asubuhi. Alipokea mwanamume, mtoto wa Sinyora. Nina kamusi ndogo, nilikuwa nimejiandikia. Nikauliza: Zdravka, tafadhali. Akasema maneno mengi. Nikaomba polepole. Akasema polepole, lakini kwa hasira: mama yake amehamia kwa binti yake, mjini Ancona, karibu na bahari, na Zdravka amekwenda naye. Namba? Akasema dada yake hapendi watu wapige nyumbani kwake. Akakata.

Kwa hiyo Mama ndiye atakayetupigia. Hana njia nyingine. Anapewa mapumziko Jumapili mchana na Alhamisi mchana, wakati posta yetu imefungwa. Simu za mkononi hazishiki katika bonde hili. Anaijua namba moja tu hapa kijijini inayompata mtu wake, yetu, na yetu imekufa kwa sababu inataka saini yake.

Tsvetana alisema, "Wiki nne bado. Msikate tamaa." Alikuwa anahesabu siku za namba. Mimi nahesabu siku za Mtakatifu Dimitri. Ni ishirini na moja.


Jumapili, 8 Oktoba

Saa tisa tulikaa kando ya simu. Kwa nini? Tulijua haiwezi kulia. Bibi alivaa aproni safi.

Huko Ancona sasa hivi Mama anabonyeza namba yetu na kusikia sauti ya mashine. Anafikiri nini? Anafikiri tuko mashambani? Anafikiri tumekufa?

Jioni Bibi alipokwenda kwa kuku, niliinua simu nikasema ndani yake, "Mama, usisaini, rudi." Nikasema tena. Inawezekana kabisa kuyasema ya kwanza, kama hakuna anayesikiliza.


Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata!!! Basi dogo la Plamen! Linaondoka Troyan kila baada ya wiki mbili, Ijumaa usiku, na kufika Italia Jumapili, limejaa akina mama na vifurushi, na Jumapili inayofuata linarudi. Dada mmoja wa darasa la nane anasema hupita Ancona, na akina mama wote wanaofanya kazi huko huja kulisubiri uwanjani, hata wasio na kifurushi. Huja kusikia lugha yao. Mama atakuja! Au kutakuwa na anayemjua.

Bibi anasema Plamen ni mwizi wa soseji. Lakini amekubali.


Ijumaa, 13 Oktoba

Fomu imesainiwa na Bibi, jina zima, herufi kubwa kubwa. Mahali pa Mama nimechora alama ndogo kwa penseli asikosee.

Barua niliandika mimi, Bibi akasema la kuandika. Binti yangu Zdravka, tuko wazima. Saini hapa kwenye penseli, rudisha kwa Plamen. Kuni zimekauka. Mguu hivyohivyo. Mtoto anasoma vizuri. Usitufikirie.

Chini palibaki nafasi ya mistari minne. Nilikuwa na kalamu mkononi.

"Bibi, naongeza kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Changu."

Akanitazama, akajua. Sijui alijuaje. Akasema, "Usimlize mama yako uwanjani mbele za watu. Tumemwambia tunaweza."

"Umemwambia wewe."

Nimesema hivyo kwa Bibi! Plamen alikuwa anapiga honi darajani, mara tatu, nne. Bibi hakunipokonya kalamu. Alisimama tu, mikono ndani ya aproni, na uso wake ulikuwa kama siku ile makaburini. Basi nikakunja karatasi nikailamba bahasha nikakimbia.

Mistari minne! Ningeandika mmoja tu.


Jumapili, 15 Oktoba

Leo basi limefika. Au limepinduka Slovenia. Sijui chochote.


Jumatano, 18 Oktoba

Kimya. Zimebaki siku nane.

Mwalimu aliniuliza kwa nini nimepata nne. Nikasema kichwa kinauma. Kisha nikaona ni uongo mwingine, nikarudi nikamwambia kwamba kichwa hakiumi. Akangoja niendelee. Nikarudi kwenye dawati.


Jumapili, 22 Oktoba

Limerudi! Nilisubiri darajani tangu saa mbili. Plamen alishuka hajanyoa, akanipa kifurushi na bahasha. Nikamwuliza amemwonaje Mama.

"Amekonda. Kasaini juu ya boneti ya gari. Akaniuliza umekua kiasi gani. Nikamwambia nitajuaje, mimi nabeba mizigo."

Kwenye kifurushi: kahawa, chokoleti, dawa ya mguu wa Bibi, na viatu vyangu vya baridi, vyekundu, vizuri sana. Havinienei. Amenunua namba ya mwaka jana. Nilivivaa hivyohivyo mbele ya Bibi nikatembea jikoni, nikasema vimenikaa.

Saini iko pale, juu ya penseli kabisa. Pia kuna karatasi. Nainakili hapa, maana Bibi ameiweka nyuma ya picha ya Bikira na hataki iguswe:

"Mama, Radina, nilidhani nitakufa kwa wasiwasi. Sasa najua ni simu tu. Alhamisi saa kumi nakwenda ofisini kusaini mkataba. Kabla yake, saa tisa, nitapiga nyumbani kutoka duka la simu. Mkiwa mmerudishiwa laini, tutaongea na nitawasikia. Ikiwa bado imekufa nitajua hamna neno la haraka, nitasaini. Nawabusu. Radina, vaa soksi nene."

Hamna neno la haraka!

Plamen haondoki tena mpaka Ijumaa. Barua ya posta ni siku kumi. Ni simu tu. Ni laini ya Babu tu.


Jumatatu, 23 Oktoba

Nilikuwa mlangoni pa posta kabla ya Tsvetana. Bibi akachechemea nyuma. Tsvetana alipiga muhuri mara tatu. Akauliza laini iwe kwa jina la nani sasa.

Bibi akasema, "Langu. Andika langu. Yeye ameshasubiri vya kutosha." Akaongeza, "Na kupigishwa – hao wapya, wa bei nafuu. Si kuna mahali pa kuweka alama?"

"Baada ya balaa lote hili, Nedyalka?"

"Baada ya balaa lote hili ndiyo nataka faida yake."

Tsvetana akaweka alama. Kisha akasema hao wapya wataanza Novemba, na laini yenyewe lazima fundi aje kuiunga kwenye mlingoti. Wiki mbili.

Nililia. Kwenye kaunta, mbele ya watu wa pensheni. Niliwaza nitaeleza vizuri, kwa utaratibu, lakini ilitoka sauti tu.

Tsvetana akainua simu yake. "Troyan? Tsvetana hapa. Hapana, nisikilize wewe! Asen anakuja kwetu lini? Mwambie aje Alhamisi. Sijali Alhamisi ni sikukuu ya nani. Ana mdomo wa kula kwangu kila mwezi, na miguu ya kuja anayo!"

Atakuja Alhamisi. Asubuhi, amesema. Au mchana.


Jumatano, 25 Oktoba

Bibi anapika tangu alfajiri. Kesho ni siku ya jina la Babu, Mtakatifu Dimitri ndiye wake. Siku ya jina haialikwi mtu, anayekuja anakuja, na mlango hauwezi kufungwa. Nilidhani mwaka huu hatutafanya. Bibi amenishangaa. "Kwani jina nalo limekufa?"

Kabichi, kondoo, maboga. Nimekata vitunguu, nimelia kwa uhuru.

Asen aje asubuhi. Aje asubuhi, aje asubuhi.


Alhamisi, 26 Oktoba. Siku ya Mtakatifu Dimitri

Sikwenda shule. Naandika kwenye kimeza cha simu, ili mikono iwe na kazi.

Saa nne. Hajaja. Wameshakuja Mjomba Genko na watu sita.

Saa sita na nusu. Amekuja! Mnene, masharubu, mkanda wa kupandia begani. Nilimkimbilia na kumwonyesha mlingoti. Akasema naam, binti, kazi ya dakika ishirini. Na Bibi akatokea mlangoni!

"Asen! Fundi hapandi mlingoti wangu tumbo tupu siku ya Dimo!"

"Mama Nedyalka, kwanza niunge –"

"Kwanza ukae!"

Akakaa. Nani angekataa? Mjomba Genko akammiminia rakia, pombe yetu kali ya matunda. Kwa afya ya wazima. Kwa roho ya Dimo.

Saa saba na nusu. Supu. Asen anasimulia jinsi baba yake ndiye aliyeleta laini hii mwaka themanini na tatu, na alivyolala hapa siku mbili. Bibi ameshika mashavu yake. "Mtoto wa Kolyo! Mbona hukusema!" Amemletea sahani nyingine.

Saa nane na robo. Kondoo. Nimemnong'oneza Bibi: Mama anapiga saa tisa. Amesema, "Najua, najua, anamaliza." Mgeni mwingine ameingia. Wote wamesimama, wote wamekaa, glasi zote zimejazwa upya. Mjomba Genko ananikonyeza: "Mwache ale, Radina, mlingoti hauendi popote."

Saa nane na dakika hamsini. Anakula boga! Mkanda wake uko sakafuni. Nimeukanyaga nikipita, makusudi.

Saa tisa.

Saa tisa na dakika tano. Nilitoka nje nikasimama kwa kuku. Imekwisha. Amebonyeza namba, amesikia mashine, ameweka simu chini. Anavaa koti. Anakwenda ofisini. Miaka miwili. Nitakuwa na kumi na tano.

Saa tisa na dakika kumi na mbili!!! Mimi ni mjinga! Saa ya Italia iko nyuma ya yetu kwa saa moja! Mwalimu wa jiografia alituchorea! Saa tisa yake ni saa kumi yetu. Bado hajapiga!

Saa tisa na nusu. Nimefanya jambo. Niliingia ndani na kusema, "Mjomba Asen, tafadhali," na hakuna aliyesikia, walikuwa wanacheka. Nikasema tena. Halafu nikapaza sauti sijui ilitoka wapi:

"Nataka Mama arudi! Anasaini leo, na akisaini ni miaka miwili, na mimi sijawahi kumwambia, kila mara ni kuni! Kuni! Sisi hatuwezi, Bibi! Nataka arudi nyumbani!"

Mezani watu kumi na mmoja. Hakuna kijiko kilichosogea. Mjomba Genko aliweka glasi chini taratibu kana kwamba ingepasuka. Sikuthubutu kumtazama Bibi.

Asen akasimama na boga mdomoni, akaokota mkanda, akatoka. Hakuaga mtu.

Sasa yuko juu, namwona dirishani. Mjomba Genko ameshika ngazi kwa mikono yote miwili na anamwambia aharakishe, yeye!

Saa tisa na dakika hamsini na tatu. Nimeinua simu. Kuna mlio. Kuna mlio! Nimeirudisha haraka, asije akakuta inatumika.

Wageni hawajaondoka. Wamekaa na hawali. Bibi amekaa mwisho wa meza anakunja kitambaa, anakunjua, anakunja.

Saa kumi kamili. Hakuna.

Saa kumi na dakika tatu. Labda kuna foleni dukani. Labda alishajaribu jana. Labda

Inalia.

Bibi ameinuka, yeye ndiye hupokea, kila mara ni yeye. Amefika hapa kando yangu. Mkono ameshaunyoosha. Inalia mara ya pili. Ameniangalia. Amerudi nyuma, amevuta kiti, ameketi, mikono yote miwili ameiweka chini ya aproni.

Mara ya tatu –